Mteja wa kufyeka kakukimbia? Shika geti kwanza, bei baadaye

Mwezi wa sita mwaka juzi nilipoteza wateja wanne ndani ya wiki tatu, na siyo wale wa kupita, ni wale wa kudumu ambao kila baada ya wiki mbili naingia na mashine yangu ya kufyeka majani bila hata kupigiwa simu. Mitaa ya hapa Dodoma, Area D mmoja, Kisasa wawili, Ilazo mmoja. Nilikuwa nao kumi na moja jumla, so piga hesabu mwenyewe, afu nilikuwa nimetoka kununua mashine ya pili kwa hela ya kikoba cha wife. Nikapaniki, nikashusha bei kwa wote waliobaki. Waliobaki wakashukuru sana, walioondoka hakurudi hata mmoja kwa ajili ya bei, na mimi nikawa nafyeka kwa hela ya mafuta tu.

Kwa hiyo kama yamekukuta usianze na bei. Anza kujua kaondoka kwa nini, kwa sababu hapa Dodoma watu wengi wanaondoka kwa sababu ambazo hata ukifyeka bure hawabaki.

Angalia kalenda. Mvua zetu zinaanza mwisho wa Novemba au Desemba zinakata Aprili, baada ya hapo ni jua na vumbi mpaka mwaka unaisha, siyo kama Arusha au Bukoba majani yanaota tu. Bunge la bajeti linaanza Aprili linaisha mwisho wa Juni, wageni wa Bunge wanafungasha na nyumba walizopanga zinabaki na mlinzi. Afu Julai mosi ndo mwaka mpya wa serikali, na uhamisho nao unapamba moto. Yaani Juni inakupiga ngumi tatu kwa mpigo, majani yamegoma kuota, wageni wameondoka, kastoma mwingine kahamishiwa Mtwara. Sasa wewe ukikaa unajilaumu hufai kazi unajionea bure, japo kuna ambao kweli umewakimbiza mwenyewe, na hao ndo wa kuwatafuta kwanza.

Kuwatafuta siyo kwa meseji. Usimwandikie mtu "mbona umeniacha", hiyo hata angekuwa mpenzi wako asingejibu. Nenda mwenyewe, jioni, umeoga, bila mashine. Ukienda na mashine anajua umekuja kuomba kazi na atakujibu kwa adabu tu, "tutakuita baba". Mimi kwa mama mmoja wa Ilazo nilienda hivyo, nikasema, "Shikamoo mama, nimepita kuwasalimia, na kama kuna sehemu nilikosea naomba uniambie tu." Akaniitikia, akakaa kimya kidogo, akasema njoo. Akanipeleka nyuma ya nyumba karibu na simtanki. Pale kuna mpira wa maji umekatwa, kata ile ya uzi wa mashine, ule unaozunguka kufyeka majani, umefungwa kwa tyubu ya baiskeli na bado unadondosha, chini udongo umelowa na ukoka umeota kijani hapo tu, kwingine kote kahawia. "Maji yalikuwa yanatoka mara mbili kwa wiki," akaniambia, "yakaishia hapa usiku kucha." Dogo niliyekuwa naenda naye aliukata akaufunika na majani, hakuniambia. Na kwa mji huu wa mgao, kummwagia mtu maji aliyoyasubiri siku tatu ni bora ungemvunjia kioo.

Nikatoka nikapanda boda mpaka dukani, nikarudi na kiungio na klempu mbili, nikatengeneza kabla giza halijaingia. Hakunirudishia kazi siku hiyo, na sikuomba. Januari akapiga mwenyewe. Toka hapo kabla sijawasha mashine natembea kiwanja chote kwa mguu, nahamisha mipira, naokota mawe, na gari likiwa karibu naomba lisogezwe, maana jiwe moja likirushwa kwenye kioo cha gari ni mshahara wa mwezi.

Walioondoka kwa uhamisho au waliomaliza mkataba wa nyumba, hapa ndo penye hela na wengi wetu tunapaacha. Sikia, yule mtu ameondoka ila nyumba haijaondoka. Ndani ya mwezi mmoja au miwili atakuja mpangaji mwingine, na kiwanja kitakuwa kile kile unachokijua mpaka kisiki kilipo. Mteja wako ni geti. Kwa hiyo siku anafungasha, nenda kamsaidie hata kubeba vitu viwili vitatu, afu muombe namba ya mwenye nyumba au dalali wake, na muombe akutambulishe kwa jirani kabla hajaondoka. Muulize pia anaenda wapi, kwa utaratibu lakini. Mimi mmoja nilidhani kahama mkoa kumbe kamalizia nyumba yake Iyumbu, hapa hapa Dodoma, kiwanja udongo mtupu mwekundu, hakuna hata jani. Nikamwambia bosi subiri mvua ya Desemba nikupandie ukoka, nikapanda, na sasa namkatia mimi mwenyewe.

Na mlinzi. Jamani mlinzi! Mzee wa getini ndo anajua mpangaji mpya anaingia lini, na ndo anaulizwa siku ya kwanza "hapa majani anakataga nani?" Kama ulikuwa unampita bila salamu atamtaja mtoto wa shangazi yake. Mzee mmoja wa Kisasa mimi namwamkia kwa Kigogo chake, mbukwa mzee, hata kama Kigogo changu kinaishia hapo hapo, na siku moja moja namwachia hela ya chai. Geti lile limebadilisha wapangaji watatu na mimi sijatoka.

Waliojaza pevingi wasikutishe. Ni kweli mji unajaa pevingi, watu wamechoka kumwagilia, na ukimwambia mtu arudishe nyasi anakuona mwehu. Ila zile tofali zimelazwa juu ya mchanga, mvua mbili tu majani yanachomoza kwenye mistari na yanakuwa mabishi kuliko ya bustanini. Pita wiki ya pili ya mvua, ung'oe mita mbili tatu mbele ya mlango wake bure aone tofauti, afu utaje bei ya kiwanja chote.

Aliyechukuliwa na dogo wa bei ya chini, mwache. Usimseme dogo. Wakati wa kiangazi fyekeo la mkono linatosha, ila Januari majani yanapanda hadi magotini ndani ya wiki chache na yule dogo atazidiwa, na ukiwa uliondoka kwa amani utaitwa wewe. Au mchukue huyo dogo afanye na wewe, mi nimefanya hivyo.

Sasa kuna kundi lingine, wale wanaokwambia "majani yamekufa, usije tena". Hawa unawapoteza kwa sababu hujawaelimisha. Ukoka haujafa, umelala tu, mizizi iko hai chini inasubiri mvua. Kinachouua ni sisi, mtu anataka hela ya mwisho wa msimu anashusha mashine mpaka kwenye udongo mwezi wa tano, jua linachoma mizizi, Desemba inaota mbigiri badala ya ukoka. Pandisha mkato, acha majani marefu kidogo, na mwambie mwenye nyumba kwa nini unafanya hivyo.

Afu badilisha namna ya kulipwa. Zamani nilikuwa nachukua elfu kumi na tano kwa kila kukata, mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo miezi mitano ya mvua nilipata laki na nusu kwa nyumba moja na baada ya hapo karibu sifuri. Sasa hivi naomba elfu ishirini kila mwezi, mwaka mzima. Kipindi cha mvua mteja anaona kapunguziwa, kiangazi naenda mara moja kwa mwezi, nakata fensi ya michongoma, nafagia majani ya mwarobaini, naondoa nyasi kavu ukutani zisije zikashika moto. Mwaka mzima ni laki mbili na arobaini, na la muhimu mguu wangu haukatiki pale getini. Siyo wote wanakubali, kwangu wamekubali sita, waliobaki tunaendelea kizamani.

Kipindi cha njaa yenyewe, Julai mpaka Novemba, usikae kijiweni. Zabibu zinavunwa mwezi wa nane na wa tisa, Hombolo, Mpunguzi na Makutupora wanatafuta watu wa kuvuna, na baadaye kupogolea kwa anayejua. Majani uliyokata mwisho wa mvua, yakaushe uyafunge, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wananunua.

Mashine nayo, kabla hujaiweka stoo mwaga petroli yote, iwashe mpaka ijizime yenyewe ili kabureta ibaki kavu. Petroli iliyolala miezi mitano inageuka gundi, na hakuna aibu kama kumwambia mteja aliyerudi Januari kwamba mashine inasumbua kuwaka. Mchanganyiko wa oili fuata ulioandikwa kwenye kifuniko cha tenki, usisikilize fundi wa kijiweni.

Ikifika katikati ya Novemba, mawingu yanaanza kujikusanya, andika meseji kwa wote, walioko na walioondoka, mmoja mmoja siyo kwa kundi. Yangu iko hivi: "Shikamoo mama, mimi yule kijana wa majani. Mvua zinakaribia, nitapita Jumamosi kuangalia kiwanja, kuangalia ni bure. Mpira wa maji nitauhamisha mwenyewe." Hiyo ya mpira namwandikia yule wa Ilazo peke yake, na kila mwaka ananijibu kwa kicheko.