Mnaandika mtandaoni kwa malipo na mnataka chama? Anzieni hapa

Waandishi wa mtandaoni wanaolipwa waunde chama cha wafanyakazi au wasiunde? Mimi nasema waunde, na nasema hivyo kwa sababu nilishawahi kumwandikia mteja makala 14 akaingia mitini na hela yangu, natuma meseji zinasomwa hazijibiwi, na sikuwa na mtu wa kusimama na mimi. Ila chama hakianzi na jina, logo na kugombania uenyekiti, hapo ndo wengi wanapokwama.

Kwanza jueni nyie ni kina nani kisheria. Kama mmeajiriwa, mna mshahara na bosi mmoja, nchi nyingi sheria inawapa haki ya kuwa na chama na kujadiliana na mwajiri. Mafrilansa, yaani waliojiajiri wanaoandikia wateja tofauti, ni habari nyingine kabisa, kule Marekani wakikubaliana kima cha chini cha bei kwa kila makala wanaweza kuambiwa wamevunja sheria ya ushindani, maana kila mmoja anahesabiwa kama biashara inayojitegemea, wakati Umoja wa Ulaya mwaka 2022 ulitoa mwongozo unaowaruhusu waliojiajiri wasio na wafanyakazi wajadiliane kwa pamoja kwenye mazingira fulani. Kwa hiyo kabla hamjaandika dai lolote mtafuteni mwanasheria wa mambo ya kazi, hata kama ni kwa kuchangishana.

Halafu semeni ukweli kuhusu pesa. Hili ndo gumu kuliko yote, tumezoea kufichana, huyu anaona aibu analipwa kidogo na yule anaogopa akitaja atanyang'anywa mteja, na mteja anaishi hapo hapo katikati ya ukimya wetu. Tengenezeni jedwali moja: kazi gani, urefu gani, ililipwa kiasi gani, baada ya siku ngapi, ilirudishwa kurekebishwa mara ngapi. Na msifanye hayo kwa imeili ya ofisini tafadhali.

Dai la kwanza liwe dogo na la wote. Mkataba wa maandishi na tarehe ya kulipwa, basi. Jiji la New York lina sheria hiyo tangu 2017, kazi ya dola 800 kwenda juu lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kama mkataba hautaji tarehe mteja analipa ndani ya siku 30 baada ya kazi kukamilika. Mambo ya AI (akili bandia) kutumika kuandika nayo yana umuhimu wake, waandishi wa filamu na tivii wa Marekani waligoma siku 148 mwaka 2023 na hilo lilikuwa mojawapo ya madai yao, ila nyie bado hamna misuli ya mgomo, msikurupuke.

Mlioajiriwa ni rahisi zaidi kujiunga na chama ambacho tayari kipo, kama walivyofanya waandishi wa Gawker, kampuni ya tovuti za habari ya Marekani, 2015, kura 80 za ndiyo kwa 27 za hapana. Lakini kuna wenzetu wa DNAinfo na Gothamist, tovuti za habari za New York zenye mmiliki mmoja, 2017 walipiga kura ya kujiunga na chama, wiki moja tu mbele mmiliki akafunga kila kitu na kwa muda hata makala zao zilizopita zikawa hazifunguki. Sasa wewe leo, kabla hujamtafuta hata mwenzako mmoja, hifadhi nakala za kazi zako zote, mikataba na meseji za malipo, mahali ambapo mteja hana paswedi.