Redio ya Android au ya CarPlay kwenye gari la Japani: jinsi ya kuchagua na kufunga

Gari likishuka bandarini Dar kutoka Japani, kitu cha kwanza kumkera mwenye gari ni redio. Menyu ni Kijapani kitupu, ramani inaonyesha Tokyo, na FM inaishia 90, au 95 kwa redio za karibuni, wakati stesheni zetu zimetapakaa hadi 108. Siku ukitoa betri tu kubadilisha, redio nyingi za Toyota zenye ramani zinajifunga na kudai kadi ya SD ya ramani au namba ya siri, ambayo aliyekuwa akiijua yuko Nagoya. Hapo watu wanapita Shaurimoyo kununua skrini, kisha wanatuletea sisi mafundi umeme, boksi mkononi. "Fundi, nifungie hii Android."

Hela imeshalipwa, boksi halijafunguliwa. Ningependa tuongee kabla ya hapo.

Unanunua nini hasa

Dukani, jina "redio ya Android" linabeba vitu viwili. Kipo ambacho ni tableti iliyovaa fremu ya dashibodi: ina prosesa yake, RAM yake, Play Store yake, na ikitaka intaneti inaomba hotspoti ya simu yako. Na kipo ambacho hakina akili nyingi, ila kina CarPlay kwa wenye iPhone na Android Auto kwa wengine. Hapa simu ndiyo inafanya kazi yote. Redio inaikopesha skrini, spika na maiki. CarPlay ilitoka 2014, inakubali iPhone 5 na zilizofuata. Android Auto ilifuata 2015, na kwa simu zenye Android 10 kwenda juu imeshawekwa ndani, hupakui kitu. Pioneer, Kenwood, Sony, JVC na Alpine wote wanatengeneza redio za namna hii.

Kwa hela ileile, mimi nachukua hii ya pili. Simu utabadilisha tu, upende usipende, na kila ukibadilisha redio inapata nguvu mpya bure. Tableti ya bei ya chini inazeeka papo hapo kwenye dashibodi, na programu zinazidi kuwa nzito. Unafika Ubungo, ramani inakuambia ukate kona uliyoipita Magomeni.

Lakini najua skrini ya inchi 9 au 10 inavyovutia, na IST yenye fremu yake kamili inapendeza kweli. Sawa, chukua, ila hakikisha ndani ina ZLink au programu nyingine ya kuunganisha CarPlay na Android Auto. Tableti ikishachoka, unaitumia kama skrini ya simu na maisha yanaendelea.

Kabla ya kulipa, omba iwashwe pale kaunta. Usisome kilichoandikwa kwenye boksi wala kwenye ukurasa wa mipangilio, maana maandishi yale kiwandani wanaandika wanachotaka. Weka programu ya CPU-Z uangalie vitu viwili. Kwanza jina la prosesa: ukikuta AC8227L, hiyo ni chipu ya zamani yenye kore nne, hata kama muuzaji anaapa ni nane. UIS7862 ni nzuri, hiyo hata mimi ningefunga kwenye gari langu. Pili, namba ya API, yaani namba ya ndani inayotaja toleo la Android. Android 8.1 ni API 27, Android 10 ni 29, Android 13 ni 33. Redio inayojiita 13 huku API ni 27, mrudishie kistaarabu. RAM isipungue GB 2. Ikiwa 1, hata kufungua ramani na muziki kwa pamoja ni shida. Ile "4x60W" ya kwenye boksi usiibishie wala usiiamini. Chipu ya ndani kwa umeme wa gari inatoa karibu wati 20 za kweli kwa kila spika, na hizo zinatosha masikio ya watu.

Halafu vipimo. Tundu la kawaida la DIN mbili, yaani la redio ya kimo mara mbili, ni milimita 180 kwa 100. Toyota nyingi za Japani zina tundu la 200 kwa 100, kwa hiyo redio ya 180 itaacha uwazi wa milimita 10 kila upande. Nunua vipande vya pembeni vya kuziba, ni bei ndogo. Ukiwa na Crown Athlete, au Harrier za zamani ambazo AC inaendeshwa na skrini ileile, usiguse kitu mpaka upate fremu maalumu inayobeba na vitufe vya AC. Vinginevyo utakuwa na YouTube na joto.

Kung'oa ya zamani

Chomoa hasi ya betri, spana namba 10. Tumia vile vijiti vya plastiki vya kung'olea kava, achana na bisibisi. Plastiki ya gari lililoota jua miaka 15 imekauka, na alama ya bisibisi pembeni ya kava haifutiki, kila ukikaa utaiona. Vuta taratibu karibu na klipu, sikiliza mlio, hamia klipu inayofuata. Redio ikitoka, piga picha ya nyuma yake kabla hujachomoa plagi hata moja.

Toyota nyingi zina plagi mbili muhimu: ya pini 10 na ya pini 6. Zipo adapta za kuchomeka moja kwa moja, upande mmoja Toyota, upande mwingine redio mpya. Inunue. Fundi akitoa mkasi kabla hajatoa mita, chukua funguo zako. Ukikata plagi ya gari, redio ya zamani hairudi tena kirahisi, na atakayenunua gari lako kesho atakuta kiota cha nyaya na tepu nyeusi nyuma ya dashibodi.

Nyaya, hapa tukae kidogo

Redio nyingi wanazoniletea wakisema ni mbovu ni nzima kabisa. Kibovu ni muunganiko.

Rudisha betri kwa muda, mita iweke DC 20. Ncha nyeusi gusisha chuma cha bodi kilicho wazi, siyo kilichopakwa rangi. Ncha nyekundu ingiza kwenye plagi ya pini 10, waya mmoja mmoja. Kwenye Toyota, waya wa bluu wenye mstari wa njano ni moto wa kudumu: unasoma volti 12 na ushee hata funguo zikiwa mfukoni. Wa kijivu ni moto wa swichi: sifuri gari likizimwa, 12 ukizungusha ufunguo hadi ACC. Wa kahawia ni ethi. Wa kijani unapata umeme ukiwasha taa. Rangi zinakuonyesha pa kuanzia. Anayeamua ni mita, maana gari la mkono wa pili huwezi kujua limepitia kwa nani.

Upande wa redio mpya, njano ni ya moto wa kudumu na nyekundu ni ya moto wa swichi. Hizi mbili ndizo chanzo cha nusu ya malalamiko ninayosikia. Ukiona redio inasahau stesheni, saa na simu ulizounganisha kila ukizima gari, njano imeungwa kwenye moto wa swichi. Ukiona betri imelala Jumatatu asubuhi baada ya gari kukaa wikiendi, kuna mtu amezisokota njano na nyekundu pamoja kwenye moto wa kudumu, ati "ili redio iwake bila ufunguo". Redio za Android hazizimiki kabisa, zinasinzia, na zinajua wakati wa kusinzia kwa kuuangalia huo waya mwekundu. Ukiupa umeme saa zote, inakesha.

Spika kila moja ina nyaya zake mbili, na hasi ya spika haiendi kwenye bodi. Kuna mafundi wa zamani wanaounga hasi zote pamoja na kuzipeleka kwenye ethi kwa sababu redio za miaka ile zilikubali. Hizi za sasa unaunguza chipu ya sauti, na muuzaji hatakurudishia hela. Kwenye redio mpya, nyeupe ni mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Wenye mstari mweusi ni hasi. Ukikosea ukageuza spika moja, itaimba, ila besi itakuwa imekonda, nawe utailaumu spika.

Waya wa bluu wa redio mpya unaolala bila kazi mara nyingi ndio dawa ya FM mbovu. Antena ya kwenye kioo cha nyuma, au ile fupi ya kwenye paa, ina kikuza mawimbi kinachotaka volti 12. Redio ya zamani ilikuwa ikikipa. Mpya usipoiunga bluu pale, utapata stesheni za karibu tu na ukivuka Kibaha ni mchakacho.

Fyuzi ikiungua, badilisha kwa ileile iliyoandikwa. Usizungushie waya wa shaba. Nimeziona dashibodi zilizoyeyuka.

Kamera, usukani na vidude vidogo

Kamera ya nyuma inachukua umeme kwenye taa ya rivasi, na kutoka palepale unavuta waya mwembamba hadi mbele kwenye waya wa redio ulioandikwa rivasi au "back". Usipouvuta, picha haitokei yenyewe ukiweka gia. Ikitokea skrini ya bluu au picha inayocheza, usikimbilie kununua kamera nyingine. Ingia mipangilio ya kiwanda ubadilishe aina ya kamera, CVBS au AHD, mpaka picha itulie. Mipangilio hiyo ina namba ya siri, na inatofautiana. Mwambie muuzaji akuandikie kwenye risiti.

Vitufe vya usukani ni nyaya mbili na ethi. Unaziunga kwenye Key1 na Key2, unafungua sehemu ya usukani kwenye redio, unabonyeza kitufe kimoja kimoja ukikifundisha kazi yake. Dakika tano.

Antena ya GPS weka juu ya dashibodi karibu na kioo, au chini ya plastiki nyembamba, upande wa sumaku ukiangalia chini. Ukiificha nyuma ya chuma, gari litaonekana linaelea Bahari ya Hindi. Maiki ya nje, kama ipo, ipandishe kwenye nguzo ya mbele upande wa dereva. Ile iliyojengewa kwenye redio inasikia feni ya AC kuliko inavyokusikia wewe.

Waya wa hendibreki nauunga kwenye swichi ya hendibreki, mahali pake. Wateja wengi wanataka uungwe kwenye bodi ili video icheze gari likitembea. Kwangu hapana, hata ukiongeza hela. Kama una Noah na abiria wanataka kuona bongo fleva, kuna skrini za kufunga nyuma ya viti.

Kuunganisha simu

Anza na waya hata kama redio inasema inaweza bila waya. Na uwe waya wa data: zile nyaya za bei ya karanga zinazouzwa kwenye foleni nyingi ni za kuchajia tu, simu inachaji na skrini inabaki inakutazama. Kwa iPhone, Siri iwe imewashwa, bila hiyo CarPlay haitokei. Kwa Android, kubali ruhusa zote zinazoulizwa mara ya kwanza, gari likiwa limesimama.

Bila waya, simu na redio zinasalimiana kwa Bluetooth kisha mzigo unahamia Wi-Fi ya GHz 5. Simu ya Android iwe ya toleo la 11 kwenda juu. Ni raha kwa safari za mjini. Safari ndefu rudi kwenye waya, kwa sababu simu inayotumia Wi-Fi, GPS na intaneti huku imeegeshwa juani kwenye dashibodi inachemka hadi inajizima.

Ramani ipakue nyumbani. Google Maps inakubali upakue eneo zima kwa matumizi bila mtandao, na ramani hiyo inafanya kazi hata ndani ya CarPlay na Android Auto. Kama unakwenda Mbeya, pakua njia nzima hadi huko. Hutaki skrini iwe nyeupe ukiwa katikati ya hifadhi ya Mikumi. Nyimbo nazo pakua, bando lako libaki kwa mambo mengine.

Usirudishe kava mpaka umejaribu kila kitu redio ikiwa inaning'inia: spika nne moja moja kwa kusogeza sauti kulia, kushoto, mbele, nyuma, FM hadi 108, rivasi, usukani, simu ya kupiga na kupokea. Redio ya zamani ifunge kwenye boksi la mpya uiweke stoo.

Kisha zima gari, funga milango, subiri nusu saa, na upime umeme unaovuja kwa kupitisha mita kati ya hasi ya betri na waya wake uliouchomoa, ukiwa umeiweka upande wa ampia. Ikisoma chini ya miliampia 50, nenda kalale. Ikizidi, rudi kwenye ule waya mwekundu.