Unajenga nyumba za kuuza Mbeya? Hakikisha kibali hakikugeuki

Kila mwaka ikifika Septemba hivi utaona matipa ya mchanga yanapishana Isyesye na Itezi, kila mtu anakimbizana afike angalau kwenye lenta kabla mvua za Novemba hazijaanza, na hapo ndo watu wanaporuka kibali cha ujenzi. Nyumba yako ya kuishi ukiruka, presha ni yako na familia. Ila nyumba sita za kuuza, hela ya benki, wateja washalipa nusu, alafu asubuhi unakuta X nyekundu ya kubomolewa ukutani? Utahama mji.

Kwa hiyo kabla hujamtafuta mchoraji nenda ofisi ya ardhi, omba kuona mchoro wa mipango miji (ule wanaouita TP), uulinganishe na ramani ya upimaji na hati yako, namba ya kiwanja, kitalu, matumizi, vyote visomeke sawa. Hati inasema makazi na wewe unataka fremu chini ghorofa juu? Badilisha matumizi kwanza. Fanya na upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue kama kuna rehani au zuio. Na ukiuziwa shamba la kijiji kwa muhtasari wa kijiji tu, tulia kwanza, ile bado ni ardhi ya kijiji mpaka ihaulishwe (itolewe rasmi kwenye ardhi ya kijiji), huwezi kuikata viwanja ukauza kwa hati.

Pima mwenyewe kwa futi kamba. Usijenge ndani ya mita 60 kutoka mtoni, Sheria ya Mazingira ya 2004, na Mbeya vijito vimejaa kila bonde. Barabara kuu kama ya Tunduma hifadhi yake ni mita 30 kila upande kuanzia katikati, Sheria ya Barabara ya 2007, wazee wengi bado wanakutajia 22.5 za zamani.

Maombi yenyewe hayana maajabu: ramani za usanifu, za muundo kama ni ghorofa, nakala ya hati, risiti ya pango la ardhi, unalipa kwa kontroo namba, basi. Mtu akikupa namba yake ya simu utume huko, ondoka.

Shida kubwa ni maneno ya mdomo bana. Mimi niliambiwa na ofisa mmoja "anza tu mzee, kibali kiko kwenye saini", nikamwaga zege la msingi, mwezi haujaisha kahamishwa, aliyekuja akasema umbali wa mpakani hautoshi, na kweli ulikuwa hautoshi, nikavunja kona nzima. Nikasema nilikubaliwa. Na nani? Karatasi iko wapi? Daah. Tangu hapo nikiongea na ofisa leo, kesho napeleka barua "kufuatia maongezi yetu ya tarehe fulani", masjala wananigongea muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Ukibadili hata choo kutoka kwenye ramani iliyopitishwa, rudisha ramani ipitishwe tena.

Wakikukatalia dai sababu kwa maandishi, kata rufaa ngazi ya juu. Mahakamani iwe mwisho kabisa, maana kuishtaki halmashauri lazima utoe notisi ya siku 90 na Mwanasheria Mkuu aunganishwe, sa hesabu riba ya benki muda wote huo.

Kibali kikitoka toa nakala tatu, ya saiti, ya nyumbani na ya wakili, maana ile ya saiti fundi ataifungia misumari.