Umehamia Lubumbashi? Anzia jikoni

Hii naandika kwa wewe wa Tanga, Dar, Mombasa au popote pwani, umepata kazi Lubumbashi, kule kusini-mashariki mwa Kongo ya Kinshasa, na kila mtu anakwambia ah wewe huna shida, kule si wanaongea Kiswahili. Wanaongea kweli. Ila mimi saivi niko mwaka wa nne huku, na wiki yangu ya kwanza nilishindia chai na mkate siku tatu mfululizo kwa sababu nilienda sokoni nikaulizia kisamvu, mchicha na unga wa sembe, mama muuzaji akanitazama kama nimeongea Kichina, nikaondoka mikono mitupu, kumbe vyote vitatu vilikua pale pale kwenye meza yake vinaniangalia.

Kwaiyo kabla hujajua njia za mjini jua majina ya chakula. Ugali ni bukari. Unga ni bunga, kisamvu ni sombe, mchicha ni lengalenga, karanga ni kalanga, maji ni mayi. Matembele ni matembele, apo umepona. Mkaa ni makala na jiko la mkaa ni mbabula. Ukisikia Thomson sio jina la mtu, ni samaki wa baharini anaekuja amegandishwa, ukimwona utasema kibua, na ndio kitoweo cha wengi maana bei yake inabebeka. Makayabu ni samaki wa chumvi, loweka usiku kucha la sivyo utakunywa maji hadi kesho yake. Unga wa rejareja wanapima kwa kopo wanaloita meka, sio kwa kilo, na ukitaka uongezewe kidogo juu omba matabishi kwa sauti ya upole.

Alafu zoea herufi zao, vitu ni bintu, watoto ni batoto, mtu ni muntu, na "ninatafuta" inakua "niko natafuta". Sikushauri uigize kuongea kama wao siku ya kwanza, utachekesha, ila usiwasahihishe pia. Mimi mwezi wa kwanza nilimsahihisha mama mmoja soko la Kenya (ndio, kuna komuni nzima, yaani sehemu ya mji, inaitwa Kenya, Wakenya mtafurahi) akacheka akawageukia wenzake, "Tantine (yaani shangazi), hii Kiswahili yako ni ya mu Biblia!" Meza nzima ikaangua kicheko, bei ikapanda. Hicho cha kwetu wanakiita Kiswahili bora na wanakiheshimu kabisa, ila ni kama suti, huvai kwenda kununua makala.

Na shikamoo iache kwenye begi. Ukimpa mzee shikamoo atakuangalia tu hajui akujibu nini. Hapa ni jambo, ile ile jambo ambayo kwetu tumewaachia watalii, ila huku ni salamu ya kweli, unasema "jambo mama", "jambo papa", unajibiwa "jambo sana", ndo unaanza shida zako. Wanaume wakisalimiana wanagusanisha paji la uso pembeni, kushoto kulia kushoto, kama wewe ni kaka usirudi nyuma ukadhani unapigwa kichwa.

SAA NA HELA, HAPA NDO WENGI TUNAPIGWA

Saa kwanza. Wengi huku wanahesabu saa kama Wafaransa, kuanzia saa sita usiku yetu, kwaiyo mtu akikwambia saa kumi anamaanisha ile ambayo wewe unaita saa nne asubuhi. Nilimwambia mama wa makala alete gunia saa kumi nikaenda kazini mtulivu nikijua ntarudi alasiri nimpokee, akaja asubuhi akakuta geti limefungwa, akakasirika wiki nzima. Siku hizi nauliza tu, asubuhi au kisha midi, yaani baada ya mchana? Alafu kumbuka Lubumbashi iko nyuma ya Dar na Nairobi kwa saa moja, ukimpigia mama yako saa tatu usiku yako kule ni saa nne, amelala na anadhani kuna msiba.

Hela ni mbili, dola na faranga za Kongo, zote zinatembea sokoni. Kodi ya nyumba, friji, godoro, hizo zinatajwa kwa dola. Nyanya, sombe na nauli ni faranga. Noti ya dola ikiwa na mpasuko hata mdogo kiasi gani haipokelewi, mimi ya ishirini yangu ilikua imechanika pembeni kama urefu wa punje ya mchele nikazunguka nayo maduka manne, kila mtu anaiinua juu kwenye mwanga anairudisha kwa adabu. Kwaiyo wewe nawe kagua chenji yako vile vile, usione aibu, inua juu, geuza, rudisha kama huipendi. Ajabu yake faranga yenyewe hata ikiwa imechoka kama kitambaa cha kudekia inapita bila neno! Bei za sokoni nyingi zinatajwa kwa Kifaransa hata na mtu ambae sentensi nzima kaongea Kiswahili, kwaiyo jifunze walau mille (elfu), deux mille (elfu mbili) mpaka dix mille (elfu kumi) kabla hujapanda ndege. Kwenye simu ukitumia M-Pesa au Airtel Money utakuta una akaunti mbili, ya dola na ya faranga, angalia vizuri uko kwenye ipi kabla hujabonyeza.

KUPIKA SASA

Bukari usiidharau. Mimi nimekulia ugali na nilijua najua, nikamkaribisha jirani yangu wa mlango wa pili, nikasonga ule wetu mgumu wa kukata na kisu, akaumega akautazama akauliza kama niliishiwa maji. Yao ni laini zaidi na inang'aa, na siri iko mwanzoni. Unakoroga unga kidogo na maji baridi, unamimina kwenye maji ya moto, unapata uji mwepesi, unafunika na kuuacha uchemke kweli kweli, dakika kumi hivi, mpaka uanze kurusha matone na kukuunguza mkono. Hapo ndo unaongeza unga kidogo kidogo huku unasonga, na unaacha mapema kuliko unavyodhani. Wengine wanachanganya unga wa muhogo humo, inakua inavutika, mimi hiyo bado sijaizoea na sidhani kama ntaizoea. Unga mwingi na mahindi yenyewe vinatoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, kilometa kama 90 tu kutoka hapa, na Zambia wakifunga kuuza nje bei inaruka, kwaiyo ukiona imeshuka nunua gunia la kilo 25 uweke juu ya mbao, sio sakafuni, msimu wa mvua unyevu unapanda.

Sombe ndo mtihani wenyewe. Nunua iliyokwisha twangwa sokoni, ikiwa ya siku hiyo hiyo, ya kijani sio ya kahawia. Chemsha kwa maji mengi bila mfuniko, saa nzima au zaidi, usifanye haraka maana majani ya muhogo mabichi yana sumu na moto ndo unaitoa, utajua imekaribia ile harufu ya majani mabichi ikiondoka. Maji yakipungua weka kitunguu, pilipili hoho, bilinganya iliyokatwa ndogo, alafu mawese, usiogope rangi. Mwisho ama kalanga iliyosagwa ama samaki mkavu, na ukae nayo karibu maana kalanga inashika chini ukigeuka tu kujibu simu. Mara ya kwanza mimi nilitia tui la nazi, la unga nililobeba kutoka nyumbani, nikamtumia jirani bakuli kwa fahari. Akarudisha bakuli likiwa tupu, adabu hiyo, ila mlangoni akaniuliza taratibu, "Mama Tanzania, ulitiamo sukari?"

Tui sasa. Nazi mbichi huku ni bahati nasibu, tuko mbali na bahari. Leta tui la unga au la kopo, na iliki na mdalasini ukisahau usilie, maduka ya Wahindi katikati ya mji yanazo pamoja na mchele wa basmati, kwaiyo pilau inapikika kabisa. Madereva wa malori ya Dar wanaopita Tunduma wanakatiza Zambia mpaka huku ni watu wa kujuana nao, mimi dagaa zangu zinakuja hivo.

Juu ya mbabula nisikilize hapa maana si utani. Lubumbashi iko juu, mita 1,200 na zaidi, na Juni na Julai usiku unakua wa baridi ambayo mtu wa Tanga hajawahi kuiona, unalala na soksi. Umeme nao unakatika. Utashawishika kuingiza mbabula chumbani ulale na joto. Usiingize. Makala inayowaka ndani ya chumba kilichofungwa inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, mtu analala haamki. Nunua blanketi la pili na sweta, mitumba ipo tele.

VYA KUONJA NJE

Jioni tafuta michopo, mbuzi wa kuchoma, unakatiwa vipande kwenye karatasi na kitunguu na pilipili, kaa upande ambao moshi hauji. Munkoyo ni kinywaji cha mahindi kinachowekwa mizizi, kikiwa cha leo ni kitamu tu na cha kushibisha, kikilala kinachachuka na unaanza kucheka peke yako. Uliza kimetengenezwa lini na kama maji yalichemshwa.

Chikanda ilinishangaza kuliko vyote. Inakatwa vipande kama keki, kahawia, ukitafuna unahisi kama soseji ngumu hivi, nikadhani ni nyama. Sio nyama, ni viazi vidogo vya maua ya okidi vilivyosagwa na karanga na pilipili. Watu wa Makete na Kitulo kule Tanzania nadhani mnacheka saivi maana mizizi hiyo inachimbwa kwenu inapelekwa Zambia miaka yote, mpaka inatishia kuisha. Mimi naila mara moja moja, kwa sababu hiyo.

Msimu wa mvua subiri uyoga, kuna ule mkubwa unaota kwenye vichuguu, mmoja unajaza sahani, unauzwa barabarani. Nunua kwa mama anaeuza kila mwaka, usiende kuchuma mwenyewe porini hata kama unajiona mjuzi.

KUZUNGUKA

Magari yanapita kulia lakini mengi yana usukani kulia, ya Kijapani kama yetu. Maana yake mlango wa Hiace wa kuteleza uko kushoto, kwaiyo ukishuka unashukia katikati ya barabara na sio pembeni. Sentensi hiyo isome mara mbili. Chungulia nyuma kwanza, mwache konda apige kelele anavyotaka. Kopi ya pasipoti na kadi ya homa ya manjano viwe kwenye pochi muda wote, na kamera usiielekeze kwenye majengo ya serikali.

UKIWA NA MUDA

Kama wewe ni Mtanzania una ufunguo wa mji huu, unaitwa Samatta. Ni mchezaji mpira, alikuja timu ya hapa, TP Mazembe, 2011 akitokea Simba, akachukua nao kombe la klabu bingwa Afrika 2015, na mpaka leo fundi wa simu, dereva, polisi, ukisema tu Tanzania wanajibu Samatta. Nimepunguziwa bei kwa jina hilo zaidi ya mara moja, asante kaka popote ulipo. Uwanja wao uko Kamalondo, nenda, ila kwanza uliza mwenyeji wako ni wa timu gani, maana kuna Lupopo, timu ya watu wa reli, na siku ya debi hizo mbili ni Simba na Yanga kabisa. Vaa rangi ya katikati, mimi nilivaa blauzi nyeusi na nyeupe kwa bahati mbaya kwenye nyumba ya Lupopo, rangi za Mazembe hizo, nikapewa mtandio wa bluu nijifunike.

Hobi yangu mimi imekua bustani. Udongo ni mwekundu, unachafua kila kitu, lakini mvua zikianza mwezi wa 11 hivi hata ukipanda kijiti cha kiberiti kinaota. Mji mzima unapanda mahindi, uani, pembeni ya ukuta, kando ya reli. Nilileta mbegu za bamia nikapanda mistari miwili nyuma ya jiko, na matembele yanatambaa yenyewe. Yule jirani wa bakuli la sombe anapita jioni na kisu chake anakata ya kwake bila kuuliza, na mimi naenda kwake kuchukua pilipili bila kuuliza. Mwezi uliopita kaja na sufuria, kaniuliza kwa sauti ya chini kama ile sombe ya sukari naweza kumfundisha.