Fuata pakiti yako: inavyotoka kwenye laptop mpaka nje

Net ikikata wengi wetu tunakimbilia kuzima na kuwasha ruta. Sawa, saa ingine inasaidia, ila ukijua pakiti (kipande cha data unachotuma) inapita wapi utajua na imekwama wapi. Natumia Windows, fungua cmd (dirisha la kuandika amri) twende.

Hatua ya 1. Andika `ipconfig`. Tuseme umepata anwani 192.168.1.23, maski 255.255.255.0 na Default Gateway 192.168.1.1, yaani getwei, hiyo ndo ruta yako, mlango wa kutokea nje. Ukikuta inaanza na 169.254 ishia hapo, ruta haijakupa anwani, cheki kwanza waya au waifai.

Hatua ya 2. Wa ndani au wa nje? Hapa ndo penyewe. Maski hiyo inasema namba tatu za mwanzo ni za mtandao na ya mwisho ni ya kifaa, kwa hiyo printa ya 192.168.1.50 iko ndani na laptop inaipelekea pakiti moja kwa moja, lakini 8.8.8.8 (seva ya Google) ni ya nje so pakiti anakabidhiwa getwei ahangaike nayo mwenyewe. Laptop haijui njia ya kufika huko wala haina haja. Sasa mtu akiweka maski 255.255.0.0 kimakosa, laptop itadhani tawi lenu la 192.168.2.x liko humo humo ndani, itaita wee hakuna anayeitika, na huku YouTube inafunguka fresh tu! Hii inasumbua sana watu wa ofisini.

Hatua ya 3. `route print -4`. Tafuta mstari wa 0.0.0.0, maana yake chochote kisicho na njia yake kipite hapa. Ruta kubwa nazo ni hivyo hivyo ila orodha ndefu, na zikikuta njia mbili zinafaa zinachukua inayobana zaidi, /24 (ndo ile 255.255.255.0) inaishinda /16 (255.255.0.0).

Hatua ya 4. `tracert -d 8.8.8.8`. Kila pakiti ina namba inaitwa TTL, kila ruta inapunguza 1, ikifika 0 pakiti inatupwa na ruta iliyoitupa inakurudishia taarifa, tracert inaanza na 1, halafu 2, halafu 3, ndo unapata orodha ya ruta zote njiani. Nyota nyota za katikati zisikutishe, kuna ruta hazijibu tu, mradi mistari ya mbele inajibu.

Ukiona mstari wa pili una anwani kati ya 100.64 na 100.127, mara nyingi ni kwamba mtoa huduma amewachanganya wateja kibao kwenye IP (anwani) moja ya nje, so usipoteze jioni nzima kufungua poti (njia za kuingilia kutoka nje) za CCTV, mpigie akupe IP ya pabliki, yaani ya nje ya kwako mwenyewe.