Kupitisha kebo ya intaneti kwenye nyumba ya tofali: vifaa na hatua zake

Video nyingi za kazi hii zimepigwa kwenye nyumba zenye kuta za mbao na jipsam. Fundi anatoboa tundu, anachomeka fimbo, kebo inatokea upande wa pili. Kuta zetu za tofali za saruji zimejaa, hakuna uwazi wa kupenyeza fimbo. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani kununua chochote, tafuta njia. Paipu zilizofukiwa ukutani wakati wa ujenzi ndizo zitakazoamua utumie kifaa gani.

Nachukua mfano wa kawaida: ruta iko sebuleni, unataka intaneti ya waya chumba cha nyuma, dari ni ya jipsam na paa ni la bati.

Hatua ya 1: Tafuta paipu

Usiguse paipu za umeme. Kebo ya intaneti haikai paipu moja na waya za volti 230, hata kama nafasi ipo. Na kazi ya umeme wenyewe mwachie fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati: EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya.

Unayoitafuta ni paipu ya antena. Nyumba nyingi zina boksi la TV sebuleni, pengine na chumbani, lenye paipu inayopanda hadi darini. Hiyo ni zawadi. Kama kebo ya zamani ya antena bado imo na haitumiki, usiing'oe hivihivi: funga kamba ya nailoni mwisho wake mmoja, vuta upande wa pili, na kamba itabaki ndani. Fishi tepu, yaani utepe mrefu mgumu wa kuvutia kebo ndani ya paipu, hutaihitaji tena.

Kabla ya kufungua boksi lolote, zima mainiswichi na hakikisha kwa testa ya umeme. Kuna mafundi waliochanganya njia za umeme na za antena.

Hatua ya 2: Vifaa

Fishi tepu ya mita 15 au 20 inatosha nyumba ya kawaida. Ya chuma ina nguvu ya kusukuma lakini inapitisha umeme. Kwa mtu asiye fundi nashauri ya nailoni. Fimbo za faiba (fiberglasi) zinazounganishwa kwa skrubu hazifai kwenye kona za paipu, ila juu ya dari ndizo bora: unasukuma kebo kutoka kenchi hadi kenchi bila kutambaa. Ongeza kamba ya nailoni, tepu ya umeme, poda ya mtoto, taa ya kichwani na barakoa. Barakoa si mapambo, hasa kama kuna popo darini.

Kebo yenyewe: kebo ya mtandao ya daraja la Cat6, ya shaba tupu. Madukani kuna za alumini iliyopakwa shaba, bei yake inavutia, na zinakatika kwenye kona. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, irudishe.

Hatua ya 3: Pima kama paipu iko wazi

Sukuma fishi tepu kutoka boksini kwenda juu. Ikigoma, usipigane nayo. Weka alama kwenye tepu usawa wa mdomo wa paipu, itoe, pima urefu. Panda darini ufanye vivyo hivyo kutoka juu. Vipimo viwili vitakuonyesha paipu imeziba wapi ukutani. Mara nyingi ni saruji iliyoingia wakati wa kupiga lipu, au kona iliyokunjwa bila springi ya kukunjia paipu ikabonyea. Fungua lipu mahali hapo tu kwa patasi, kata kipande kibovu, unganisha kipya kwa kapulingi. Ni kazi ya nusu siku, lakini bado ni nafuu kuliko kuchimba ukuta mzima.

Paipu ikiwa wazi lakini ina kona nyingi, fungia kipande cha mfuko laini wa plastiki kwenye uzi mwepesi, kiingize upande mmoja na uvute hewa upande wa pili kwa mashine ya kufyonza vumbi. Mfuko utakimbia na uzi, kisha uzi utavuta kamba.

Hatua ya 4: Funga na uvute

Usifunge plagi ya intaneti kwenye ncha ya kebo kabla ya kuvuta, itakwama. Menya ganda la kebo sentimita 10, kata jozi mbili za nyaya, mbili zilizobaki pitisha kwenye kitanzi cha fishi tepu, zikunje, zungushia tepu ya umeme hadi ncha ichongoke. Ongeza kamba ya akiba ivutwe pamoja na kebo. Paka kebo poda iteleze.

Hii ni kazi ya watu wawili: mmoja analisha, mwingine anavuta, na wakubaliane neno la kusimama. Kebo hii haitakiwi kuvutwa kwa nguvu inayozidi niutoni 110, karibu uzito wa ndoo ya maji ya lita 11. Ikikwama, rudisha kidogo, zungusha, endelea.

Hatua ya 5: Darini

Panda asubuhi mapema. Jua likishapiga bati hakukaliki. Kanyaga mbao tu, maana jipsam haibebi mtu. Funga kebo kwenye kenchi kwa tai za plastiki bila kuikaza, mbali na bati, na umbali wa sentimita 30 hivi kutoka waya za umeme zinazoenda sambamba nayo. Inapobidi kuzivuka, vuka kwa pembe mraba. Kama nyumba ina panya, ipitishe kwenye paipu huko juu pia. Acha mita moja ya ziada darini na sentimita 30 kila boksi.

Hatua ya 6: Chumba kisicho na paipu

Wengi hapa hukimbilia grainda. Mimi huanza na tranki ya plastiki (mfereji mwembamba wenye kifuniko) ya kubandika pembeni mwa ukuta, ambayo ukiipaka rangi ya ukuta haionekani sana. Ukichimba, mfereji ushuke wima juu ya boksi, kamwe usiwe wa mshazari, na kina kisizidi theluthi ya unene wa ukuta. Ukifika kwenye renta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha), nondo haziguswi.

Hatua ya 7: Ncha na kipimo

Panga nyaya sawa pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Weka testa ya kebo. Taa zikiwaka 1 hadi 8 kwa mpangilio, funika boksi. Namba zikipishana, kata plagi upande mmoja uanze upya. Namba isiyowaka kabisa, jaribu kwanza kukaza plagi kwa koleo la kubania plagi kabla hujailaumu kebo iliyo ukutani.