Saa ya RPM ya Sprite, kabla hujafunga kebo
Wenye Austin-Healey Sprite za mwanzo, vile vigari vya michezo vya Uingereza vya 1958, saa ya RPM (inayoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika) inaendeshwa kwa kebo inayotoka kwenye kigiaboksi kidogo nyuma ya dainamo, sasa ukiweka puli ya dainamo ya saizi nyingine saa itakudanganya hata kama umefunga kila kitu safi. Fenibelti, ule mkanda unaozungusha dainamo, ikilegea pia saa itasoma chini. Kebo ipitishe kwa mkunjo mpana jamani, ukiibana kwenye kona mshale utarukaruka tu. Grisi paka kiasi, na ile sehemu ya juu karibu na saa iache kavu kabisa, maana waya wa ndani ya kebo ukizunguka grisi inapanda nao mpaka inaingia ndani ya saa, na kuisafisha hapo ni kazi kwelikweli.